Mvuke Unakatwa Ijumaa

Jumatatu, 13 Januari

Tope! Uwanja wote mbele ya maktaba umetobolewa visima, na lile tope la kijivu la mashine limeganda kwenye ngazi zetu kama uji uliolala. Nimeteleza mara mbili. Mradi wenyewe siupingi — kuvuta joto ardhini badala ya kuchoma gesi ni jambo la akili. Ila hawa watu! Prescott Aldine, rais wa chuo, katuandikia tena: eti sisi ni wa kwanza jimboni. Kichefuchefu. Ijumaa boila la zamani, linalotupasha joto kwa mvuke, linazimwa, naye atakata utepe.

Mkakao wangu una matunda manne. Wiki ijayo tunayapasua, kama kila Januari: wanafunzi na watu wa mjini wanaingia nyumba ya vioo, wanavua makoti, wanafyonza nyama tamu ya kakao, wanasahau theluji.

Jumatano, 15 Januari

Nimemuuliza Duane wa matengenezo bomba jipya la nyumba ya vioo litapita wapi. Akakuna kichwa. Bomba gani, mwalimu? Tukafungua ramani. Hatumo! Kamati ya mradi iliorodhesha majengo yote, hata banda la mitumbwi. Ila nyumba ya vioo iko chini ya idara ya bustani, pamoja na nyasi na vichaka. Na nyasi hazihitaji joto, au sivyo? Miaka miwili ya mikutano na keki za bure, asitokee hata mmoja wa kuchungulia dirishani. Mfyuu!

Nikaenda kwa Aldine. Akanipigapiga bega. Subiri theluji iyeyuke, Arlys, tutaunda kamati ndogo. Nikamwambia mti utakufa usiku wa kwanza. Akaniuliza, kwani blanketi hakuna?

Blanketi! Nimeulea tangu mbegu. Nimelia chooni kwa hasira.

Alhamisi, 16 Januari

Nimeleta hita mbili za umeme kutoka nyumbani. Umeme ukakatika jengo zima. Duane kaja: hizo ni marufuku hapa, lakini leo mimi kipofu. Amemwomba Aldine boila liachwe mpaka Jumatatu, atafute hita kubwa ya mafundi ujenzi. Wapi! Wageni wa sherehe wanataka kuliona dohani lisilotoa moshi hata chembe. Kwa ajili ya picha.

Ijumaa, 17 Januari

Nje nyuzi ishirini chini ya sifuri. Saa nne boila limezimwa. Makofi. Mabomba yangu yakagongagonga, kisha kimya.

Duane kapata hita mjini, yuko njiani. Kanisihi nisifungue mlango, joto lililobaki humu ndilo hilo hilo.

Kumbe ukumbini joto jipya bado halijapanda, wageni wanatetemeka! Basi Aldine kawaleta huku, kundi zima, wapigwe picha chini ya mkakao. Mlango kauwekea tofali usijifunge. Hotuba! Upepo unaingia, majani ya chini yanalegea, nami natazama. Nikasema funga. Akasema dakika moja tu, mwalimu, mwanga wa nje mzuri. Kisha akanitupia koti lake nimshikie. Mimi!

Nikatabasamu. Nikawaambia picha itapendeza zaidi ikipigwa toka nje, kupitia vioo. Wakatoka wote, yeye mbele, anaweka shati sawa.

Nikalipiga tofali teke. Nikafunga kwa ufunguo.

Anagonga. Arlys, acha utani! Arlys, koti langu! Mimi naandika. Koti ni la sufu, zito, zuri kweli. Nimelivisha shina na kulifunga vifungo vyote. Duane bado hajafika.