Kikombe cha Baba Hakikuvunjwa na Paka

Baba watoto, na nyinyi mapacha,

Chakula kiko kwenye friji, pasheni moto. Mlango wa nyuma msisahau komeo.

Paka akisukuma vikombe mezani, msimkemee tena. Nimemchunguza wiki nzima. Kwanza anawatazama, halafu analia kidogo, na mkimpuuza ndipo anasukuma. Mkipiga kelele amepata alichotaka. Kwa hiyo nyamazeni, na akitulia mchezesheni na uzi dakika kumi.

Asubuhi nimewaambia mara tatu kwamba leo naanza kusimamia wodi nzima. Mara tatu! Baba watoto ukaitikia "mm" bila kuinua macho kwenye simu. Kwa mapacha hata hiyo "mm" sikuipata.

~~Kikombe cha baba kilianguka chenyewe.~~ Nilikisukuma mimi. Kwa kidole kimoja, taratibu, kama nilivyofundishwa. Wote mkainua vichwa, mkamfukuza paka wa watu hadi uani, naye alikuwa amejikalia tu pembeni.

Mwombeni radhi, na mpeni kipande cha samaki.

Narudi saa kumi na moja jioni. Mimi sihitaji uzi. Niulizeni tu siku yangu ilikuwaje, kabla sijakaribia vikombe.

Mama