Mwimbaji wa Masereka

Beni, tarehe 4 mwezi wa munane 2024

Mukubwa wangu Melchior,

Jambo sana. Habari ya Butembo, habari ya bibi na batoto, na ule mugongo unakusumbuaka? Huku Beni siye tuko bazima. Bibi yangu Kanyere alikuwa na malaria, sasa anatembea, Mungu asifiwe.

Kambere wa taxi atakuletea barua ndani ya kitabu, sawa siku zote, na flashi ya nyimbo iko mu enveloppe. Telefone ni ya musiba na ya kuuliza kama barabara iko wazi. Mambo ya Orchestre Étoile ya Kimemi, ile bendi ya zamani tunapendaka, inafaa karatasi.

Sasa sikia. Kulikuya mutu. Jina yake Kalala, mutu wa Kasaï, serikali ilimutuma huku ku bureau ya mashamba. Alileta radio ku atelier nimutengenezee. Miye niko naweka wimbo yao «Mvula ya Musienene» polepole, kumbe mutu anasimama ku mulango, macho amefunga. Nikamuuliza: «Papa, uko mugonjwa?» Akasema: «Hapana. Ule anaimba ni Marie-Jeanne. Papa yangu alikuwa na ile disque kule Mbuji-Mayi. Nilifikiri ilikufa pamoja naye.»

Melchior! Kasaï! Na siye tulifikiri mu dunia yote tuko babili tu.

Na lile neno la couplet ya pili, pale saxophone inafunika sauti? Weye unasemaka «sitalia», miye nasemaka «sitalala», miaka makumi mbili tunabishana. Kalala alisikiliza mara moja, akasema: «sitarudi». Niliweka tena. En tout cas, inafanana.

Kitabu ninakutumia ni chake, roman ya mwanamuke fundi wa treni. Nilimaliza siku mbili. Usome na ile ameandika na crayon pembeni.

Mudogo wako,
Kitsa


Butembo, tarehe 18 mwezi wa munane 2024

Mudogo wangu Kitsa,

Salamu. Hapa Bulengera tuko bazima. Mugongo ni ule ule. Pole kwa Kanyere, mupe supu ya kuku.

Kitabu nimesoma. Ni kizuri. Mais mutu wa kuandika mu kitabu na crayon, miye mwalimu wa miaka makumi mbili na saba ningemupiga azabu. Ku ukurasa wa arobaini anaandika «Ah!» Ku ukurasa wa makumi sita anaandika «Ah! Ah!» Donc njo akili uliniambia nisome?

Neno ni «sitalia». Mutu anakuya jana na radio ya kufa, leo anatufundisha Étoile ya Kimemi? Nani alienda na miguu mpaka Musienene kutafuta ile cassette ya kwanza, mvula ikatupiga mpaka cahier yetu ya maneno ikalowa? Kalala alikuwa pale? Nani aliandika maneno ya nyimbo makumi tatu na moja, moja moja, akirudisha cassette na kalamu ya bic?

Sisemi mubaya. Nauliza tu. Munasikilizaka siku gani? Usiniambie ni siku ya yenga nyuma ya misa. Ile ilikuwa saa yetu, mbele barabara iharibike na batu baanze kuogopa kusafiri.

Mukubwa wako,
Melchior


Beni, tarehe 3 mwezi wa kenda 2024

Mukubwa wangu,

Jambo, na jambo ya mugongo pia. Kanyere alikunywa supu, anakusalimia, anasema barua yako ilikuwa na pilipili kuliko supu.

Nilicheka sana, kisha nikaona pengine hukukuwa unacheka. Ndiyo, ni siku ya yenga nyuma ya misa. Saa gani ingine batu beko na nafasi? Sasa tuko batu kumi na ine. Kuko bamama babili ba soko, kuko askari moja wa Équateur anapigaka ngoma ku meza na vidole. Muziki ikiisha, Kalala anatusomea kitabu, ukurasa kumi kumi. Batu banakatala kwenda nyumbani mbele bajue fundi wa treni aliolewa ao hapana. Nilibaambia: hii cahier ya maneno munaona ni photocopie, mwenyewe ni mukubwa wangu wa Butembo. Banakuitaka «Professeur».

Lakini nakuandikia juu ya jambo ingine. Mama moja mukimbizi wa Kayna alipita hapa, akasikia ile sauti, akasema: «Huyu tulikuwa tunalima naye.» Melchior, Marie-Jeanne eko muzima! Vita ilipofika Kayna alikimbia, batu bengi ba kule balipanda njia ya kwenu. Weye uko karibu, uko na balimu benzako kila kijiji. Mutafute. Kalala anasema atachukua congé ya kazi, sote tutapanda, tumusalimie mbele azeeke zaidi.

Mudogo wako mwenye haraka,
Kitsa


Butembo, tarehe 22 mwezi wa kenda 2024

Mudogo wangu Kitsa,

Salamu kwenu. Hapa ni muzuri, ni kazi tu ya kufungua masomo.

Juu ya Mama Marie-Jeanne, niliuliza. Hakuna mutu anajua. Bakimbizi ni bengi, na mwimbaji wa miaka ile pengine alikwisha kufa. Ambia Kalala asipoteze congé.

Ninakurudishia flashi. Nimeongeza zile nyimbo ine ulikuwa unataka.

Mukubwa wako,
Melchior


Beni, tarehe 8 mwezi wa kumi 2024

Melchior,

Salamu kwa batu ba nyumba yako.

Siku ya yenga tulikuwa batu kumi na saba. Niliweka flashi yako ku baffle kubwa ya sauti, juu nilitaka bote basikie zile nyimbo ine. Zikaisha. Ikaanza ya tano. Haikukuwa disque. Kuku zinalia, mutu anakohoa, chungu inagonga. Kisha sauti ya mwanamuke muzee ikaimba «Mvula ya Musienene» bila gitare, bila kitu. Ilikuwa nyembamba, inavunjika pale juu, lakini ni yeye. Kalala alishika kichwa na mikono mbili.

Nikasimama, nikapiga makofi, nikasema: «Mukubwa wangu alimupata! Alitaka kutushangaza!» Nilisema vile mbele ya batu, Melchior. Nilikuwa na furaha ya kijinga.

Kisha mama akaacha kuimba, akauliza: «Mwalimu, kuko bengine banakumbukaka hizi nyimbo, ao ni weye tu?»

Na sauti yako, ile ninaijua tangu tukichunga mbuzi, ikajibu: «Ni miye tu, mama. Bengine bote balisahau.»

Yeye akagonga chungu tena. Akasema: «Haya. Mumoja si haba.»

Nilizima baffle. Batu baliangalia viatu byabo. Mama moja wa soko alifunga kitenge chake akatoka bila kuaga. Kalala njo alisema: «Kitsa, usikasirike. Pengine iko na maana yake.» Unasikia? Ule mutu unamuchukia njo alikutetea.

Iko na maana? Niambie.

Kitsa


Butembo, tarehe 13 mwezi wa kumi 2024

Mudogo wangu,

Sijui nianze na salamu gani. Mugongo unauma, na nafurahi unauma.

Mwenzangu Anne-Marie, mwalimu wa mwaka wa ine, njo aliniambia. Kwao Masereka balipokea muzee mukimbizi wa Kayna, na ule muzee akimenya biazi anaimbaka nyimbo ya Étoile ya Kimemi. Nilipata ile habari siku mbili nyuma ya barua yako. Nilipanda pikipiki ya kulipa siku ya posho, mbele ya yenga, na barua yako ilikuwa mu poche. Nilienda kumuambia: mama, Beni kuko batu kumi na ine banakungojea. Ile maneno niliipanga njia yote.

Nikamukuta anakaa ku kiti kifupi, amevaa chandail ya mutu mwingine. Akaniambia karibu mwalimu, akanipa kiazi cha moto mu mukono. Nikamuimbia mustari wa kwanza. Yeye akanitazama, akaimba wa pili. Kitsa, miaka makumi mbili. Pale pale mu mawazo nikaona Kalala anaingia na kofia yake, anakaa karibu naye, anasema kitu kimoja kizuri, na mama anageuza uso kwake. Nikaona miye nasimama tena ku mulango sawa mutu wa kuleta habari. Akaniuliza ile swali. Jibu ilitoka mbele niifikiri. Hapana, nadanganya tena. Niliifikiri. Niliitaka. Na telefone yangu ilikuwa inarekodi; vile ile sauti iliingia ku flashi pamoja na zile nyimbo ine, miye sikuona.

Nilimuuliza na lile neno. Alicheka mpaka akakohoa. Siku ya kurekodi alisahau, akafungua kinywa akatoa sauti tu, na mwenye saxophone akamufunika kwa huruma. Hakuna neno pale. Nilifurahi mpaka Butembo juu Kalala alikosa. Haikuniingia mu kichwa kama weye na miye tulikosa pia.

Mulikuwa munanipita, weye uko na batu kumi na saba, miye niko na cahier. Njo maana yake. Haina ingine.

Unisamehe.

Mukubwa wako,
Melchior


Butembo, tarehe 10 mwezi wa kumi na moja 2024

Kitsa mudogo wangu,

Jambo, na jambo kwa Kanyere. Hii ni barua ya tatu. Kambere anasema unapokea, unaweka mu poche, unaendelea kufungua radio. Sikuulizi jibu. Niambie tu kama muko bazima, juu tunasikia mambo mabaya ya barabara yenu.

Masereka sijarudi. Anne-Marie anasema mama anaulizaka mwalimu wake eko wapi. Miye namuambia niko na kazi ya bulletins ya banafunzi.

Melchior


Beni, tarehe 26 mwezi wa kumi na moja 2024

Melchior,

Jambo. Tuko bazima.

Tulienda. Kalala alichukua congé, Kambere alitupatia gari, tukawa batu kumi na moja. Tulipita Butembo saa tatu ya asubuhi. Niliona njia ya kuingia kwenu. Kambere alipunguza mwendo, akaniangalia. Nikamuambia: «Endelea.» Nataka ujue vile, usisikie kwa mutu mwingine.

Masereka ilikuwa baridi, ukungu mpaka ku magoti. Kwa bazazi ba Anne-Marie balituonyesha shamba. Mama alikuwa anakusanya mashu, zile kabichi za kule. Aliona batu kumi na moja banashuka mu gari, akaogopa, akaanza kurudi nyuma. Alifikiri ni vita inamufuata tena. Askari wetu wa Équateur, hakuvaa tenue ya jeshi, akaanza kupiga ngoma ku mulango wa gari na vidole, na bamama ba soko bakaimba. Mama Marie-Jeanne aliacha mashu ianguke. Alisikiliza wimbo yote, mukono ku kinywa. Tulipomaliza akasema: «Muliimba couplet ya tatu mubaya,» akaturudishia yeye mwenyewe.

Kalala alilia sawa mutoto. Hakukaa karibu naye, Melchior. Alikaa nyuma kabisa, ku gunia, juu aliona haya.

Kisha mama akauliza: «Mwalimu wangu wa Butembo eko wapi? Yeye njo alinipata wa kwanza. Alisema eko peke yake, kumbe alienda kubatafuta ninyi?»

Nilikuwa nimepanga kumuambia yote. Niliona uso wake, nikasema: «Ndiyo mama. Alitutafuta. Mais eko mugonjwa wa mugongo.» Sasa na miye nimemudanganya, juu yako. Ile naona mubaya kuliko yote. Sitarudi kusema vile mara ingine. Enda umuambie na kinywa yako.

Ukiisha kumuambia, uniandikie. Mbele ya pale usiniandikie.

Kitsa


Butembo, tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili 2024

Mudogo wangu Kitsa,

Jambo sana kwako, kwa Kanyere na kwa nyumba yote. Siye tuko bazima.

Nilienda jana. Nilimukuta anachagua biazi ya mbegu, ya kupanda upande huu, ya kula upande ule. Nilisimama, sikukubali kiti. Nikamuambia yote, na Kalala, na barua yako ilikuwa mu poche siku ile, na wivu, kwa jina yake. Alikuwa anaendelea kuchagua. Nilipomaliza akaniuliza: «Balikuya batu ngapi?» Nikasema: «Kumi na moja, mama.» Akasema: «Na ku Beni balibakia bengine?» Nikasema: «Sita.» Akahesabu na vidole, vidole byake byote byeusi na udongo.

«Donc ulininyima batu kumi na saba,» akasema. «Miye nilikimbia Kayna na sufuria moja. Nikiwa na hofu nilikuwa najiambia, kuko mwalimu mumoja anajua jina yangu. Kumbe ningejiambia kumi na nane.»

Nilimuomba aniimbie kidogo, hata mustari mumoja, nijue kama anakasirika ao hapana. Kweli niliuliza vile, Kitsa, bado niko mutu wa kuomba. Akakatala. Akasema: «Ule mutu wa Kasaï, ule alikaa ku gunia. Umulete weye mwenyewe. Mukae ku banc moja, bega kwa bega. Siku ile nitaimba. Peke yako, hapana tena.» Kisha akanipa biazi ya kuchagua. Nilichagua mpaka saa tisa, na mara mbili alinirudishia juu nilichanganya.

Kwa hiyo nakuomba umupe Kalala karatasi ile nyingine iko ndani. Sikuifunga, unaweza kusoma. Sitakuambia kama wivu iliisha. Kuandika jina yake tu, bic inakuwa nzito. Mais siku ya posho, tarehe 14, Kambere atamushusha Bulengera, na miye nitakuwa ku barabara saa mbili. Akikatala, ni haki yake.

Bibi yangu alisema niagize pikipiki mbili za kwenda Masereka, ya kila mutu yake, juu ya mugongo. Nimeagiza moja tu. Dereva mbele, Kalala atakaa kati, miye nyuma, na kwa ile njia ya Masereka itanifaa nimushike kiuno, ao nianguke.

Mukubwa wako,
Melchior