Karanga za Sange Zimejaa

Jumamosi usiku, Kadutu

Bado nacheka peke yangu, hata maumivu ya mugongo siyasikii.

Musimu uliopita shamba la mama mukwe kule Sange lilitoa maganda matupu, na alilia. Kwa hiyo safari hii karanga zilipotoa maua nilimuomba tuweke majivu kwenye mashina, tufunike udongo kwa majani makavu, halafu tumwagilie maji ya mufereji, maana jua la kule halina huruma.

"Maman Neema, unataka kuniulia karanga?" akaniuliza. Lakini akaniachia nusu ya shamba. Tangu hapo nilikuwa na woga. Zikikauka, ningemwangalia usoni namna gani?

Leo tumeng'oa. Kwenye nusu yake maganda yalikuwa mepesi. Kwangu akapasua moja, akapasua lingine, yote yamejaa! Akatafuna mbichi. Kisha akanishika mukono:

"Sasa musimu yenye kuja, tutafanya namna gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, si kuulizwa.

Majivu ya shamba zima tutayatoa wapi, sijui kabisa. Lakini amesema "tutafanya", yeye na mimi.