Kofi la Mwisho Ukumbini

Jumanne, Kericho. Asubuhi baridi, mchana jua, na hadi sasa hakuna hata tone la mvua. Likumbuke hilo la mvua, shajara yangu, maana nitalihitaji hapo mbele.

Wiki hii nina kazi moja: kuiambia ofisi kama mji huu unahitaji ukumbi mpya wa maigizo na muziki. Ule wa zamani uko kwenye kambi ya wachuna chai, nje kidogo ya mji. Nikisema bado unafaa, utakarabatiwa. Nikisema haufai, utabomolewa na mwingine ujengwe mjini.

Ngoja nikiri. Ripoti niliiandika jana, kabla sijakanyaga huko. "Ukumbi wa zamani hauna watazamaji tena." Kambi yenyewe ilihamwa mashine zilipochukua kazi ya kuchuna. Najua, kwa sababu nilizaliwa pale. Leo nilikuwa naenda kupiga picha tu.

Marehemu mama alitoka upande wa ziwa kuja kuchuna chai, na kila Jumapili aliigiza katika ukumbi ule. Mimi nilipanda jukwaa mara moja tu, nikiwa darasa la pili, nikasahau shairi lote. Nikasimama pale nikilia. Mama akaanzisha makofi ya kilo: matatu, matatu, kisha moja. Lile moja la mwisho, kwa desturi ya kambi yetu, liliachiwa aliye jukwaani alipige mwenyewe. Ndiyo asante yako.

Sikulipiga. Nilikimbia.

Leo saa tisa nilimkuta Mzee Koech, mlinzi, akifagia. Nyumba zote tupu, magugu yamefika madirishani, lakini sakafu ya ukumbi inang'aa. Nikamuuliza anamfagilia nani.

"Si watu wanakaa hapo, madam," akasema, akiyaonyesha mabenchi matupu, akatoka nje na ufagio wake.

Nilicheka. Nikapanda jukwaani kupima sauti vile tunavyofanya siku zote sisi wakaguzi wa kumbi: unapiga kofi moja, unasikiliza linavyorudi.

Nikapiga.

Kimya. Halafu, kutoka kwenye mabenchi ya nyuma: pa-pa-pa. Pa-pa-pa.

Basi. La saba halikuja.

Nikajiambia ni mvua ya mawe juu ya mabati, hapa kwetu huwa haipigi hodi. Nikatoka mbio. Majani ya chai yalikuwa makavu, anga safi. Mzee Koech alikuwa ameushika ufagio kwa mikono yote miwili.

"Hao hawapendi mtu atoke kama shoo haijaisha," akaniambia kwa upole, kama anayemkumbusha mtoto.

Niliogopa, sina namna ya kulipamba. Hata njia ya kurudi nyumbani siikumbuki.

Sasa nimeketi na ile ripoti mbele yangu. Nimeifuta sentensi ya jana, na bado sijapata ya kuweka mahali pake. Ofisini nitawaambia nini? Viganja vinaniwasha.

Nimeamua kurudi asubuhi. Nitapanda jukwaani nilipige lile moja, maana mama amelisubiri tangu nikiwa darasa la pili.

Ila kuna jambo linaloninyima usingizi kuliko yale makofi. Shoo ikiisha, watu huinuka wakaenda zao. Nikishalipiga, si sentensi yangu ya jana itakuwa kweli?