Nati za Upande wa Kushoto

Baba Zuhura,

Salamu sina haja ya kuzirefusha, maana sijui nazituma wapi. Sisi hapa Temeke tu wazima. Mama yako anakohoa kama kawaida yake, na Zuhura ameota meno mapya ya mbele.

Nakuandikia kwa ajili ya gari. Lile kuukuu ulilolinunua kwa Mgiriki wa mashamba ya mkonge, ukaliinua juu ya mawe bandani siku ulipochukuliwa jeshini kuendesha malori huko Burma. Ulilizunguka na spana ukikaza nati za magurudumu moja moja, kisha ukaniambia asiliguse mtu mpaka urudi. Mimi nikawaachia kuku watagie humo, unisamehe. Wenzako wamesharudi, wengine wamepungua mkono, wengine akili. Wewe kimya.

Sasa mdogo wako Salehe anataka kulifufua alifanye teksi, nami simlaumu, maana ndiye anayetulisha. Lakini siku hizo hizo kadhi aliniita, akaniambia nimengoja vya kutosha. Nikisema ndiyo, atahukumu kuwa umekufa, nami nitakaa eda. Neno lililobaki ni langu. Nikarudi nyumbani kichwa kinaniuma, nikamkuta Salehe amechuchumaa mbele ya gurudumu, nikajiwekea dalili moja ya kijinga: nati ulizozikaza kwa mkono wako zikifunguka zote bila kuvunjika, basi u hai. Usicheke. Ungekuwa umelala kitanda kile peke yako ungeuliza hata kuku.

Upande wa kulia ulinipa moyo. Kutu ilikuwa imezishika hasa, lakini tulizimwagia mafuta ya taa, tukazigonga polepole kwa nyundo, tukaziacha zinywe, na asubuhi zikaachia. Za kushoto zikakataa katakata. Tukajaribu mafuta, tukajaribu makaa ya moto, tukaambulia patupu. Mwishowe Salehe akachomeka bomba kwenye mpini wa spana apate nguvu, akaning'inia kwa uzito wake wote, na boliti ikakatika. Nati ikabingirika mpaka miguuni kwangu.

Nilimwambia palepale akamjibu kadhi kwamba nimekubali. Alinawa mikono akaenda kuvaa kanzu.

Nikabaki nimekaa chini kando ya gurudumu. Juzi Zuhura aliniuliza sauti ya baba yake ikoje, nikamjibu nzito. Nilibahatisha. Uso wako ninao, harufu yako ya jasho na petroli ninayo, lakini sauti ilikuwa imenitoka, na hilo lilinitisha kuliko maneno ya kadhi. Basi pale chini, nati ile ikiwa mkononi, nikaisikia sauti yako.

Tulikuwa njia ya Bagamoyo, tumeshapita Bunju, tunakwenda harusini kwa shangazi yako, pancha ikatukuta kwenye matope. Nilikuwa nimevaa doti mpya, hasira zimenipanda, nikakunyang'anya spana nikuonyeshe kazi inavyofanywa. Gurudumu lenyewe la kushoto. Nikasukuma mpaka jasho likanitoka, na wewe umesimama unanicheka na lile pengo lako.

"Upande huu gari ni bishi kama wewe," ukasema. "Likaze, ndipo litalegea."

Nikainuka pale bandani, nikaizungusha spana kama mtu anayekaza. Nati ikalia kidogo, ikaja. Ya pili nayo ikaja. Kumbe nati za upande huo hufunguka kinyume; hazikuwa zimegoma hata kidogo, ni sisi tuliokuwa tukizikaza siku zote zile, mpaka moja tukaivunja.

Nilitoka mbio bila viatu, ushungi umeniangukia begani, nikamkuta Salehe karibu na kisima.

"Rudi, shemeji," nikamwambia. "Kadhi mwambie bado."

"Umepata habari zake?"

"Nimekumbuka alivyosema."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile inaniuma mpaka sasa. Hakwenda, lakini ataniuliza tena, na kadhi ataniuliza, na mama yako ameshaanza kukuombea dua za marehemu. Mimi si mpumbavu. Najua nati haijui lolote la Burma, ivunjike au isivunjike. Ninachoogopa ni kwamba nikikaa eda nitapewa ruhusa ya kukusahau, na mimi nimeshaanza bila ruhusa.

Usiku huo nilimwita Zuhura nikamwambia sauti yako si nzito. Ni nyembamba kidogo, na ukicheka hupanda juu. Akaniambia nimwigizie, nikaiga, akacheka sana, kisha akaomba tena.

Gari litatoka kesho. Gurudumu moja limepungukiwa na boliti, Salehe anasema si neno. Kama upo, njoo utugombeze kwa hiyo boliti, hata kwa ukali, mradi nikusikie. Kama hupo, basi sauti hii niachie.

Ni mimi, bado mkeo,
Mama Zuhura