Mwani wa Mzee Kipsang na Maji ya Chemchemi

KITUO CHA POLISI, KIPKELION
MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Magunia ya mbolea yaliyofukiwa juu ya chemchemi, Kedowa
Jina: Velma Mokeira
Umri: Miaka 36
Kazi: Fundi wa cherehani
Makao: Kedowa, vyumba vya kupanga nyuma ya maduka
Lugha: Kiswahili
Tarehe: 12 Machi 1997

Mimi ndiye Velma Mokeira. Nilizaliwa Nyamira, nikaja Kedowa nilipoolewa. Cherehani yangu iko kwenye baraza ya duka kando ya barabara kuu. Chumba changu kiko nyuma, naishi na binti yangu Elmina. Jirani yangu wa ukuta ni Fancy Chepkosgei, mchuma majani chai, mama wa mtoto anayehusika na jambo hili. Ng'ambo ya ua wa miiba ni kwa Mzee Isaiah Kipsang.

Mzee Kipsang ni mtu wa hapa hapa, lakini alifanya kazi kwenye injini za meli Mombasa miaka mingi. Alipostaafu watu walisema amerudi na bahari. Mimi nilidhani ni mzaha.

Mnamo tarehe 3 Februari 1997, siku ya Jumatatu, Mzee Kipsang alikuja kwangu akaagiza pazia jeusi, zito. Nikamuuliza ni la dirisha gani. Akasema, "Si la dirisha, Mama Elmina. Ni la tangi. Nataka kulinyima mwanga siku kadhaa." Nikachukua futi nikaenda kupima.

Sebuleni kwake kuna tangi la kioo, urefu wake kama wa kitanda, na juu yake taa nyeupe na za bluu. Mimi bahari sijawahi kuiona. Nilisimama pale na futi mkononi, nikasahau nilichotumwa. Kulikuwa na mawe yenye vidole, na vidole vilikuwa vinacheza. Mzee akaniambia hayo si mawe, ni matumbawe, na yako hai kama kuku wangu. Samaki mdogo wa rangi ya chungwa, mwenye mistari myeupe, aliingia katikati ya kitu kama ua, na lile ua likamfunika vile mama anavyofunika mtoto na leso. Nikasema, "Yesu wangu." Mzee akacheka. Akasema, "Hata mimi bado nasema hivyo kila asubuhi."

Lakini niliona pia ubaya. Mawe mengi yalikuwa yameota nywele za kijani, ndefu, zinazoyumba na maji. Matumbawe yaliyofunikwa nazo yalikuwa yamejikunja. Mzee alisema huo ni mwani, na kwa tangi ni kama magugu kwa shamba. Alikuwa ameung'oa kwa mkono na kusugua mawe kwa mswaki, na ulikuwa unarudi. Alisema mwani hauoti bila chakula na bila mwanga. Mwanga angeuzima kwa pazia langu. Chakula hakujua kinatoka wapi.

Nilishona pazia. Tangi likakaa gizani siku tatu. Nilipokwenda kuona, nywele zilikuwa zimenyauka, na Mzee alikuwa na furaha kama kijana. Haikupita wiki moja zikarudi, nene kuliko mwanzo. Matumbawe mawili yakafa, yakabaki meupe kama mfupa. Siku hiyo Mzee alisema, "Kuna mtu analisha hii kitu, na huyo mtu ni mimi."

Alinieleza alivyofikiri. Maji ya bahari huletewa na dereva wa lori linalopeleka chai mnada wa Mombasa, kwenye mitungi, na ni yale yale ya siku zote. Chakula cha samaki hakijabadilika. Lakini maji ya tangi hupungua kwa mvuke na chumvi inabaki, kwa hiyo lazima aongeze maji matamu. Siku zote aliongeza ya mvua. Mvua ilipokatika, pipa lake likakauka mwezi wa kwanza, akaanza kuongeza ya chemchemi, ambayo sisi wote tunakunywa.

Akachukua chupa mbili za kioo akatia maji ya bahari na kipande cha mwani. Moja akaongeza maji ya mvua aliyoomba kwenye tangi la kanisa. Nyingine akaongeza ya chemchemi. Akaziweka dirishani pamoja. Mnamo tarehe 25 Februari aliniita nizione. Ya mvua ilikuwa vile vile alivyoiacha. Ya chemchemi ilikuwa imejaa kijani hadi shingoni, huwezi kuona upande wa pili. Mzee aliishika kwenye mwanga kwa muda. Akasema, "Mama Elmina, haya maji yana mbolea. Nitamwambia naibu wa chifu siku ya baraza." Baraza lilikuwa Ijumaa, na hatukujua kwamba yanaweza kudhuru mtu.

Sasa naeleza habari ya mtoto. Fancy alizaa mtoto wa kiume mwezi wa kumi na mbili, anaitwa Kimutai. Fancy alipata jipu kwenye titi, akapasuliwa, maziwa yakakauka, ikabidi mtoto apewe ya mkebe. Kutoka katikati ya Februari midomo ya mtoto ilianza kuwa na rangi ya zambarau. Fancy alidhani ni baridi, akamwongezea sweta. Mama mmoja wa kanisa letu alisema ni lile jini la bahari kwa jirani linamnyonya. Hilo nililisikia kwa masikio yangu, na wengine waliitikia.

Mnamo tarehe 27 Februari, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi hivi, nilisikia Fancy akipiga kelele. Nikakimbia. Mtoto alikuwa amelegea mikononi mwake, uso wa rangi ya majivu, kucha za bluu. Hakuwa analia. Mzee Kipsang alifika akipenya katikati ya ule ua, shati limechanika kwa miiba. Alimwangalia mtoto, kisha akaangalia chupa ya maziwa.

Akauliza, "Msichana wangu, maziwa unakoroga na maji gani?"

Fancy akasema, "Ya chemchemi, Mzee. Lakini nachemsha sana. Nachemsha mpaka yanabaki nusu."

Mzee alirudi kwake mbio akaja na ile chupa ya kijani. Tulisimamisha pikapu ya maziwa barabarani, tukapanda nyuma kati ya mikebe hadi hospitali ya Kericho.

Daktari aliyetupokea ni mama, Daktari Adoyo. Alitoa damu ya mtoto kidogo akaitia kwenye kitambaa cheupe. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya kahawia, kama kahawa. Akampulizia mtoto hewa ya mtungi na rangi haikubadilika. Ndipo akauliza maji ya nyumbani yanatoka wapi, na Mzee Kipsang akaweka ile chupa kwenye meza na kusema aliyoyaona kwenye tangi lake. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mzee, umeniambia nilichokuwa natafuta." Akatueleza kwamba mbolea ikiingia kwenye maji, damu ya mtoto mchanga inashindwa kubeba hewa, na kuchemsha hakuiondoi, kunaifanya kali zaidi.

Alileta dawa ya sindano. Dawa yenyewe ilikuwa ya bluu kama wino. Fancy akamshika mkono, akasema, "Daktari, mtoto ni wa bluu na wewe unamwongeza bluu?"

Daktari akamjibu, "Ndiyo, mama. Niamini."

Akaiingiza polepole kwenye mshipa. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda na niliona kila kitu. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha midomo ikaanza kubadilika, halafu masikio, halafu vidole kimoja kimoja, mpaka mtoto mzima akawa na rangi ya mtu. Muuguzi aliyekuwa ameshika taulo alilishika tu. Mtoto akafungua macho, akakasirika, akalia kwa nguvu, na Fancy akakaa sakafuni. Nimeona watoto wakizaliwa, lakini sijaona mtu akirudi hivyo. Jioni nepi yake niliifua mimi, na mkojo ulikuwa wa kijani. Daktari alisema ni dawa inatoka.

Kesho yake, tarehe 28 Februari, baraza lilihamia chemchemini. Naibu wa chifu na vijana walipanda juu ya jicho la maji. Kwenye udongo mbichi walikuta mahali palipochimbwa. Walifukua magunia ya mbolea, imeyeyuka na kushikana. Kabla hawajamaliza kufukua, Mathew Nyang'au, mwenye duka la mbegu na mbolea, alikuja mwenyewe kutoka kwa umati. Akasema, "Ni zangu. Paa lilivuja Desemba, zikaharibika. Nilitafuta mahali ardhi ni laini nizifukie."

Vijana walimvamia. Mmoja alimpiga na mpini wa jembe begani. Mzee Kipsang akaingia katikati, akasema kwa Kipsigis kisha kwa Kiswahili, "Huyu angeweza kunyamaza. Asiguswe." Wakarudi nyuma. Askari wakaja wakamchukua Mathew.

Tangu siku hiyo tunachota maji ya kanisa. Mzee amebadilisha maji ya tangi kidogo kidogo kwa ya mvua na ya bahari. Jumapili iliyopita, tarehe 9 Machi, Fancy alimpeleka Kimutai kuona. Mwani umekuwa wa njano, unang'oka wenyewe. Yule mama wa kanisa aliyetaja jini alikuja pia. Tumbawe moja lililokuwa limejikunja lilifunguka mbele yetu, likatoa vidole vya kijani na zambarau, na yule mama akaanza kuimba, taratibu, na sisi tukaimba naye.

Nimeulizwa na afisa kama Mathew Nyang'au alitaka kudhuru watu. Mimi moyo wake siwezi kuufungua. Nasema nilichokiona. Alipokuwa shimoni na vijana wamemzunguka, aliambiwa juu ya mtoto wa Fancy. Hakuuliza juu ya polisi, na damu ilikuwa inamtoka begani. Alimshika Mzee Kipsang shati akamuuliza, "Msichana wangu ana miaka minne. Anakunywa hapa hapa, nilimchotea mimi asubuhi. Atakufa?" Mzee akamwambia daktari amesema waliopita uchanga wanastahimili. Mathew akakaa chini kwenye ule udongo, akafunika uso.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio. Sikuongeza na sikuficha.

Sahihi ya shahidi: V. Mokeira

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo J. Ogari. Nimemsomea shahidi kwa Kiswahili, amekubali ni sahihi na kutia sahihi mbele yangu.

Nyongeza, 13 Machi 1997: Nimefika Kedowa na konstebo mmoja kupima umbali kutoka shimo hadi jicho la maji. Shimo liko juu yake, hatua chache. Tumefika pia nyumbani kwa Isaiah Kipsang. Tangi lipo kama shahidi alivyoeleza. Konstebo alipoliona alivua kofia.