Yai la Mal-sun

Baba Gyeong-tae,

Nimekwenda kwa dada kumsaidia kuchachusha kabichi za kimchi ya majira ya baridi. Supu iko jikoni, ipashe moto tu. Mvua ikianza, anua nguo.

Na usijifanye hujui kwa nini nimeondoka bila kukuaga. Asubuhi, kwenye ile tamthilia yako ya mapenzi ya miaka ya sabini, yule binti alimfungia mpenzi wake chakula cha shule, akaficha yai chini ya wali ili wanafunzi wenzake wasilinyakue. Ukafuta machozi, ukasema, "Mal-sun wa ile nyumba tuliyopanga nikiwa shule alikuwa akinifanyia hivyo hivyo." Mal-sun! Mimi miaka thelathini na minane nakukaangia yai, naliweka juu kabisa kila mtu alione, na hujawahi kulidondoshea hata chozi moja.

~~Leo hakuna yai. Kamwambie Mal-sun akukaangie.~~

Chakula chako kiko mezani, kwenye kile kibati chako cha shule. Ndiyo, juu ni wali mtupu. Usinung'unike, chimba mpaka chini. Na ukilia, safari hii ulie kwa ajili yangu.

Mama Gyeong-tae